Namna ya Kupima Mpangilio wa Molekuli za Fuwele Kimiminika kwa NMR ya Deuteriamu

Fuwele kimiminika ni hali ya maada iliyo kati ya yabisi na kimiminika cha kawaida: molekuli zake hutiririka, lakini katika kutiririka huko huendelea, kwa wastani, kuelekea upande mmoja. Friedrich Reinitzer aliiona hali hii mwaka 1888 alipokuwa akipasha moto kolesterili benzoeti, akakuta kwamba yabisi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi na kuwa kimiminika chenye ukungu, na kwamba ukungu huo hutoweka ghafla kwenye nyuzi 178.5. Mwongozo huu unajibu swali dogo zaidi, lakini la kila siku katika maabara: ukiwa na fuwele kimiminika ya aina ya nemati, yaani ile ambayo molekuli zake huelekea upande mmoja bila kujipanga katika tabaka, utapimaje kwa namba kiwango cha mpangilio wa molekuli zake, na utajuaje kwamba namba uliyoipata inaaminika? Njia ninayoipendekeza ni spektroskopia ya mwitiko wa sumaku wa viini, yaani NMR, kwa kutumia viini vya deuteriamu, yaani haidrojeni nzito. Ni vyema kusema mapema kwamba kipimo chenyewe, ambacho ni umbali kati ya mistari miwili ya spektra, husomwa kwa muda mfupi tu. Kazi halisi ni kuijua halijoto ya sampuli wakati spektra ile ilipochukuliwa, na ndiyo sababu sehemu ya halijoto hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Kinachopimwa

Mwelekeo ambao molekuli za nemati huufuata kwa wastani huitwa hapa mwelekeo mkuu. Ikiwa mhimili mrefu wa molekuli unafanya pembe θ na mwelekeo mkuu, basi kigezo cha mpangilio, S, ni wastani wa (3cos²θ − 1)/2 kwa molekuli zote na kwa muda wote wa kipimo. Molekuli zote zikilingana kikamilifu, S huwa 1. Zikielekea kila upande bila upendeleo, kama ilivyo katika kimiminika cha kawaida, S huwa 0. Katika nemati nyingi S huwa kati ya 0.3 na 0.4 karibu na halijoto ambayo nemati hugeuka kuwa kimiminika cha kawaida, kisha hupanda hadi 0.6 au zaidi kadiri sampuli inavyopoa. Nadharia ya Maier na Saupe, inayoeleza jinsi molekuli za nemati zinavyopangana, hutoa thamani ya 0.429 kwenye halijoto ya mgeuko, na thamani zinazopimwa mara nyingi huwa chini kidogo ya hiyo.

Kiini cha deuteriamu kina spini 1, na kwa hiyo huathiriwa si na uga wa sumaku peke yake bali pia na mteremko wa uga wa umeme unaosababishwa na elektroni za kifungo chake na kaboni. Athari hiyo ya kwadrupoli huugawa mstari mmoja kuwa miwili. Katika kimiminika cha kawaida mzunguko huria wa molekuli huifuta kabisa, lakini katika nemati hubaki kwa kiasi kinacholingana na mpangilio. Pale ambapo mwelekeo mkuu uko sambamba na uga wa sumaku, mwachano wa mistari hiyo miwili ni

Δν = (3/2) × χ × |S_CD|

ambapo χ ni thamani thabiti ya kwadrupoli, takriban kilohezi 168 kwa deuteriamu iliyo kwenye mnyororo wa kaboni na takriban kilohezi 185 kwa ile iliyo kwenye pete ya benzeni, na S_CD ni kigezo cha mpangilio cha kifungo cha kaboni na deuteriamu chenyewe. Zingatia kwamba mwachano huu hautegemei nguvu ya sumaku. Spektromita ya tesla 7.05, ambamo deuteriamu huitika kwenye megahezi 46 hivi, na ile ya tesla 9.4, ambamo huitika kwenye megahezi 61.4, zitakupa mwachano uleule. Sumaku kubwa itakuongezea nguvu ya ishara tu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie protoni, ambazo kila molekuli inazo bila kuongezwa chochote. Jibu ni kwamba zinakuwa nyingi mno. Molekuli ya 5CB, ambayo ni nemati maarufu iliyotokana na kazi ya George Gray na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina protoni 19, na kila moja huathiriana na nyingine kwa dipoli ambayo mpangilio wa nemati hauiruhusu kufutika, hivyo spektra huwa mlima mmoja mpana usiosomeka kwa urahisi. Protoni hufaa sana kwa molekuli ndogo zilizoyeyushwa ndani ya nemati, njia iliyofunguliwa na Saupe na Englert mwaka 1963. Kaboni-13 nayo ni njia nzuri kwa asiye na sampuli yenye deuteriamu, ila huhitaji mawimbi makali ya redio ili kuzinyamazisha protoni, na mawimbi hayo huipasha moto sampuli, jambo ambalo, kwa sababu zitakazoelezwa, ndilo tunalolikwepa.

Kuchagua mahali pa deuteriamu

Deuteriamu ya asili ni sehemu ndogo sana ya haidrojeni yote, takriban atomu moja kati ya 6,500 hadi 8,700, kwa hiyo mtafiti anayeanza asitegemee kiwango hicho. Una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia fuwele kimiminika iliyotengenezwa ikiwa na deuteriamu mahali panapojulikana. Kwa 5CB, ninashauri kuanza na ile yenye deuteriamu mbili kwenye kaboni ya kwanza ya mnyororo, iliyo jirani na pete, kwa kuwa kaboni hiyo hufuata mwendo wa sehemu ngumu ya molekuli, yaani pete zake, na hutoa jozi moja tu ya mistari iliyo safi. Ukitumia ile ambayo mnyororo wake wote una deuteriamu, utapata jozi tano. Kaboni ya kwanza hutoa mwachano mkubwa kuliko zote, na kundi la methili lililo mwishoni hutoa mdogo kuliko zote, kwa sababu mnyororo hulegea kadiri unavyokwenda mbali na pete na kwa sababu methili huzunguka kwa kasi juu ya mhimili wake. Spektra hiyo ina utajiri mkubwa wa habari, lakini si ya kujifunzia.

Njia ya pili ni kuyeyusha kiasi kidogo cha molekuli ya kupimia, kama benzeni yenye deuteriamu sita au klorofomu yenye deuteriamu, ndani ya fuwele kimiminika ya kawaida. Ni rahisi, lakini namba unayoipata ni mpangilio wa mgeni, si wa mwenyeji. Tena mgeni huishusha halijoto ya mgeuko na huweza kupanua eneo ambamo nemati na kimiminika cha kawaida hukaa pamoja. Asilimia moja kwa uzito hutosha katika kazi nyingi, na kuzidisha kwa nia ya kupata ishara kubwa ni kujiongezea matatizo ya baadaye.

Kuandaa sampuli

Jaza neli ya kioo ya milimita 5 kwa sampuli iliyopashwa hadi ikawa kimiminika cha kawaida, kwa maana nemati baridi hubeba viputo vya hewa vilivyonata. Urefu wa sampuli usizidi sana urefu wa koili ya proba, yaani kifaa kinachoishika sampuli ndani ya sumaku na kupokea ishara yake. Sampuli ndefu hukaa katika maeneo yenye halijoto tofauti, na kila eneo hutoa mwachano wake. Ondoa hewa kwa kugandisha, kuvuta hewa na kuyeyusha mara kadhaa, kisha ziba neli kwa moto ikiwa kazi itachukua muda mrefu, kwani unyevu na oksijeni hubadilisha halijoto ya mgeuko polepole na utadhani spektromita ndiyo iliyobadilika. 5CB ni nemati takriban kati ya nyuzi 24 na 35 za Selsiasi, na kwa kuwa hukawia kuganda hata ikipozwa chini ya hapo, unaweza kuifanyia kazi katika halijoto ya chumba bila haraka.

Kuzilaza molekuli sambamba na uga

Ingiza neli ndani ya sumaku, pasha sampuli nyuzi tatu hadi tano juu ya halijoto ya mgeuko, kisha ipoze polepole ikiwa humo humo. 5CB na nemati nyingi zenye pete za benzeni hujilaza zenyewe sambamba na uga wa tesla kadhaa, tena kwa haraka. Katika sumaku za kisasa ambamo neli husimama sambamba na uga, kuizungusha neli hakuharibu mpangilio huo, lakini pia hakuna faida kubwa, kwa hiyo iache itulie. Fuwele kimiminika ambazo kwa asili hujilaza mkingamo wa uga ni suala jingine: kwazo mwachano huwa nusu ya ule wa sampuli iliyolala sambamba, na mtu asipolijua hilo ataripoti mpangilio hafifu usiokuwapo.

Smekti, yaani fuwele kimiminika ambazo molekuli zake hujipanga pia katika tabaka, huhitaji uangalifu zaidi. Tabaka zake, zikishaundwa, haziko tayari kugeuka, na ukiiingiza sumakuni ikiwa tayari ni smekti utapata mchanganyiko wa mielekeo yote. Anza daima kutoka hali ya kimiminika au nemati na ushuke ndani ya uga. Dalili ya sampuli isiyolala vizuri ni umbo ambalo Pake alilieleza mwaka 1948: vilele viwili vya ndani, vilivyoachana kwa nusu ya mwachano kamili, na mabega mawili mapana nje yake.

Proba na mipigo

Hapa ndipo watu wengi waliozoea NMR ya vimiminika hukwama. Njia ya deuteriamu katika proba ya kawaida ya vimiminika imetengenezwa kwa ajili ya kushikilia uga usisogee, si kwa kupima, na mpigo wake wa nyuzi 90, yaani mpigo wa mawimbi ya redio unaozigeuza sumaku za viini kwa pembe ya nyuzi 90, unaweza kuchukua mikrosekunde 100 au zaidi. Mpigo wa mikrosekunde 100 unalingana na uga wa redio wa kilohezi 2.5 tu, ilhali mwachano wa 5CB ni kilohezi 50 hivi. Mistari iliyo mbali na katikati haitaguswa ipasavyo, na spektra itaonekana tupu au itakuwa na mistari yenye urefu wa uongo. Tafuta proba ya yabisi tuli ambayo mpigo wake ni mikrosekunde 2 hadi 4. Mpigo wa mikrosekunde 3 unalingana na kilohezi 83, na hapo mistari yote miwili itaamshwa kwa usawa. Proba ya vimiminika inatosha pale tu mwachano ni mamia ya hezi au kilohezi moja hivi, kama ilivyo kwa maji mazito katika fuwele kimiminika za sabuni.

Kwa kuwa deuteriamu ndiyo inayopimwa, mfumo wa kushikilia uga hauwezi kutumika pamoja nayo. Hilo lisikutishe: sumaku ya upitishaji-kamili husogea kidogo mno ikilinganishwa na upana wa mistari hii. Sawazisha uga mapema, sampuli ikiwa katika hali ya kimiminika cha kawaida, ambako mstari ni mmoja na mwembamba.

Chagua upana wa spektra usiopungua mara mbili ya mwachano mkubwa unaoutarajia. Kilohezi 200 ni mahali salama pa kuanzia. Tumia mwangwi wa kwadrupoli, yaani mpigo wa nyuzi 90, kungoja mikrosekunde 30 hadi 50, mpigo wa pili wa nyuzi 90 ulioachana na wa kwanza kwa awamu ya nyuzi 90, kungoja tena kwa muda uleule, halafu kuchukua ishara. Faida yake ni kwamba ishara huanza kuhesabiwa baada ya koili kumaliza mtetemo uliosababishwa na mpigo, hivyo sehemu ya mwanzo, iliyo muhimu kwa mistari iliyoachana sana, haipotei. Anza kuchukua kabla kidogo ya kilele cha mwangwi, kisha kata data kwenye kilele chenyewe kabla ya kufanya mageuzi ya Fourier. Viini vya deuteriamu katika nemati hurudi katika usawa ndani ya makumi ya milisekunde, kwa hiyo kungoja nusu sekunde kati ya mipigo kunatosha, na mikusanyo mia kadhaa huisha kwa dakika chache. Molekuli ndogo ya kupimia huchukua muda mrefu zaidi; pima muda huo badala ya kuukisia.

Halijoto

Namba inayoonyeshwa na kidhibiti cha spektromita ni halijoto ya gesi pale kipimajoto kilipo, na pale si ndani ya sampuli. Tofauti ya nyuzi moja au mbili ni jambo la kawaida. Katika kimiminika cha kawaida tofauti hiyo mara nyingi haina madhara, lakini karibu na mgeuko wa nemati S huporomoka kwa kasi, na kosa la nusu nyuzi hubadilisha mchoro mzima wa matokeo yako.

Anza na upimaji wa nje. Umbali kati ya mistari ya protoni za methanoli hutumika kwa halijoto za chini hadi kiasi cha chumba, na ule wa ethilini glaikoli kwa halijoto za juu ya hapo. Milinganyo ya vyote viwili inapatikana katika programu nyingi za spektromita. Tumia neli ya aina ileile, iliyojazwa kwa urefu uleule, na mkondo wa gesi uleule utakaoutumia kwenye sampuli. Ukibadilisha mkondo wa gesi baadaye, upimaji huo umekufa na lazima urudiwe.

Kisha tumia sampuli yenyewe kama kipimajoto. Panda hadi kimiminika cha kawaida, halafu shuka kwa hatua za nyuzi 0.2, ukingoja dakika kumi hadi kumi na tano baada ya kila hatua. Mwanzoni utaona mstari mmoja wa katikati. Kisha jozi ya mistari itachomoza kandokando yake huku wa katikati ukipungua, na hatimaye jozi itabaki peke yake. Halijoto ya mgeuko ndiyo ile ambayo jozi inaonekana kwa mara ya kwanza, na kila kipimo kinachofuata kiandikwe kama uwiano wake na halijoto hiyo katika kelvini. Mazoea haya yanaondoa kosa la kudumu la kidhibiti, na pia yanakuruhusu kulinganisha sampuli yenye deuteriamu na isiyo nayo, ambazo halijoto zao za mgeuko huweza kutofautiana kidogo.

Upana wa eneo ambamo mstari wa katikati na jozi vinaonekana pamoja unastahili kuangaliwa kwa jicho kali. Katika sampuli safi yenye halijoto sawa kila mahali, eneo hilo huwa sehemu ndogo ya nyuzi moja. Likizidi hapo, aidha sampuli ina uchafu, aidha sehemu yake ya juu na ya chini hazina halijoto moja. Kutofautisha mambo haya mawili ni rahisi: badilisha mkondo wa gesi, upime upya. Eneo likibadilika upana, kosa ni la halijoto, na dawa yake ni kuongeza mkondo wa gesi, kufupisha sampuli au kuisogeza katikati ya koili. Lisipobadilika, kosa ni la sampuli, na hakuna marekebisho ya spektromita yatakayoisafisha. Darubini yenye vichujio vya mwanga vilivyokingamana, pamoja na meza ya kupashia, itakuthibitishia jibu hilo nje ya sumaku.

Ikiwa unazinyamazisha protoni kwa mawimbi ya redio ili kupunguza upana wa mistari, rudia utafutaji wa halijoto ya mgeuko mawimbi hayo yakiwa yamewashwa kwa nguvu na muda uleule. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo joto ambalo mawimbi yanaliongeza ndani ya sampuli. Kwa maoni yangu, mistari iliyo mipana kidogo lakini yenye halijoto inayojulikana ina thamani kuliko mistari myembamba ya sampuli ambayo hujui ina joto gani.

Kutoka mwachano hadi S

Tuseme mwachano wa kaboni ya kwanza ya mnyororo ni kilohezi 48. Gawa kwa (3/2) × 168, yaani 252, upate |S_CD| = 0.190. Hicho ni kigezo cha kifungo, si cha molekuli. Ili kupata S ya mhimili mrefu, unagawa kwa (3cos²β − 1)/2 bila kujali alama yake, ambapo β ni pembe kati ya kifungo na mhimili huo. Ukichukua nyuzi 109.5, kigawanyo ni 0.333 na S ni 0.57. Ukichukua nyuzi 108, kigawanyo ni 0.357 na S inashuka hadi 0.53. Nyuzi moja na nusu tu za kukisia zimebadilisha jibu kuliko kosa lolote la kusoma spektra, kwa hiyo pembe uliyoichagua lazima iandikwe kando ya matokeo, na |S_CD|, ambayo haitegemei pembe hiyo, iripotiwe daima pamoja na S. Hesabu hii pia inachukulia kwamba molekuli ni duara ukiitazama kwa kufuata mhimili wake mrefu. Molekuli zilizo bapa zinahitaji kigezo cha pili, na mwachano mmoja hauwezi kutoa vigezo viwili.

Alama ya hasi au chanya haionekani katika spektra. Kwa kifungo kilichokaribia kuwa mkingamo wa mhimili, kama hiki, S_CD ni hasi. Tunalijua hilo kutokana na umbo la molekuli, si kutokana na kipimo.

Ukishapata S katika halijoto nyingi, jaribu mlinganyo wa Haller, S = (1 − T/T*)^β, ambapo T* ni halijoto iliyo juu kidogo ya ile ya mgeuko na β hapa si pembe bali ni kipeo ambacho kwa kawaida huangukia karibu na 0.2. Nukta zinazoukengeuka mstari karibu na mgeuko kwa kawaida zinatokana na halijoto isiyo sawa ndani ya sampuli, na hupaswi kuzifuta kabla ya kurudia jaribio la mkondo wa gesi.

Katika daftari andika nguvu ya sumaku, urefu wa mpigo, muda wa mwangwi, mkondo wa gesi, urefu wa sampuli nelini, namba ya kidhibiti na halijoto iliyosahihishwa kando yake, na halijoto ya mgeuko iliyopimwa mwanzoni na mwishoni mwa kazi. Halijoto hizo mbili za mgeuko zikitofautiana kwa zaidi ya hatua moja ya kipimo chako, sampuli imeanza kuharibika au neli inavuja, na vipimo vya siku hiyo vichukuliwe upya kwa neli mpya.